Majani Mekundu Chini ya Migomba

“Aliyeng'oa isale, ataombea radhi jani gani?” Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo, na sasa mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Basi kaeni. Methali hii ina kaburi lake, nami nilikuwepo siku ya kuzika.

Kwetu huku mlimani, isale, au masale yakiwa mengi, ni mmea wa majani marefu unaokaa vizuri chini ya migomba, mahali jua lisipofika. Wazee wetu waliupanda mpakani. Mtu akimkosea mwenzake, hukata jani kwenye masale ya kwake, akalifunga fundo, akaenda nalo, na anayeombwa akiliona hakatai. Ila katika ukoo wa hao nitakaowasimulia, jani halikuwa kitu cha kukopa. Jani la jirani, walisema, huomba radhi ya jirani.

Mama Ombeni, jirani yangu, alikuwa mjane kama mimi. Kati ya uwanja wake na wa shemeji yake, Elinami, ndugu wa marehemu mumewe, palikuwa na safu ya masale aliyoipanda mama mkwe wake. Elinami hakujaliwa mtoto, na ndiye aliyemlea Ombeni baba yake alipofariki.

Siku Ombeni aliposema wazazi wa mchumba wake wanakuja kutoka mjini, mama yake alitazama chini ya migomba palivyo patupu, akaona aibu. Akashuka barabarani kwa muuza miche.

“Jua linafika hapo, mama?”

“Wapi! Hata kuku wangu hupapasa.”

“Basi waridi usijaribu, litakufa. Chukua haya ya umbo la moyo, mekundu katikati. Na haya yenye matundu. Jaza pote, mgeni atadhani amefika ng'ambo.”

Akajaza. Nafasi ilipokwisha na miche ikabaki, aling'oa masale, safu nzima, akayachoma pamoja na takataka. Elinami akaja na fimbo yake, akasimama penye moshi.

“Shemeji, haya aliyapanda mama.”

“Mama alipanda majani ya porini. Mimi napokea wakwe.”

“Ungeacha hata shina moja.”

“Wewe usiye na mtoto, utajua nini habari za wakwe?”

Mzee aligeuka, akaenda kwake taratibu.

Wageni walikuja, wakasifu majani, wakapiga picha. Kiti cha Elinami kilikaa kitupu. Muda si mrefu tukasikia yuko kitandani, chakula hakipiti. Ndipo Mama Ombeni alipochukua jembe. Nilimkuta amepiga magoti kati ya yale majani mekundu, anachimbua udongo kwa vidole, anatafuta japo mzizi. Hakupata hata kipande.

Alikwenda kwa mchungaji. Mchungaji akamwambia, “Mungu hahitaji jani, mama.”

“Mungu nimeshamwomba, mchungaji, naye naamini amesikia. Ni shemeji ambaye sijui nitamfikiaje.”

Mwisho alikata jani jekundu, lile zuri kupita yote. Alipojaribu kulifunga fundo likachanika, kwa kuwa ni laini mno. Akaenda nalo hivyo hivyo, nami nikamsindikiza. Akapiga magoti kando ya kitanda.

“Shemeji, nilisema neno baya. Nimekuja.”

Elinami alilitazama jani.

“Ni zuri,” akasema. “Linasemaje?”

“Linasema nisamehe.”

“Silijui hili, Mama Ombeni. Lile nililolijua ulilichoma. Sasa utaniomba radhi kwa jani gani?”

Hakusema kwa hasira. Laiti angekasirika! Alijigeuza ukutani kama mtu aliyechoka, na kabla jogoo hajawika Bwana alikuwa amemchukua. Labda alisamehe moyoni. Hayo anayajua Mungu. Mama Ombeni hakuyasikia.

Kaburini hakutupa udongo. Alibaki ameshika lile jani lililochanika, limeshanyauka mkononi, mpaka Ombeni akamfungua vidole.

Baadaye alipanda isale jipya mpakani. Lilishika, likarefuka. Lakini ng'ambo ya pili ya mpaka hapakuwa tena na mtu wa kupelekewa. Yale mekundu nayo yamestawi hadi njiani, maana kivuli kinayapenda, na kila apitaye huyasifu. Yeye hupita ameinamisha kichwa.

Kwa hiyo wanangu, mtakapowasikia watu wakiulizana, msicheke. Aliyeng'oa isale, ataombea radhi jani gani?