Kiboko Aliyekula Wasilisho la Wanafunzi

Hadithi iko mlangoni!

— Ifungulie iingie!

Ina matope miguuni!

— Iingie hivyo hivyo!

Ina usingizi machoni!

— Ilaze mkekani ituotee!

Haya basi. Nyoosheni miguu. Na wewe Mwanakombo, usiniulize kitu mpaka nimalize, nakujua.

Zamani, wakati ukungu ulikuwa unakaa mpaka mchana na hakuna aliyeufukuza, Kiboko alikuwa na bwawa. Wanyama walikuja kunywa, na kila aliyekuja alimletea Kiboko fungu la majani. Kiboko akala, akanenepa, akataka zaidi. Halafu siku moja hakuja mtu. Siku ya pili hakuja mtu. Kiboko akatazama huku, ukungu. Akatazama kule, ukungu. Hasira zikampanda, akatuma neno chuoni kwa Mwalimu Korongo: "Niletee wanafunzi waniambie wateja wangu wamekwenda wapi!"

Chuo cha Korongo hakikuwa na mtihani wa darasani. Wanafunzi walipewa mteja mwenye shida. Wakaichunguza shida, wakamwendea mteja, wakamweleza. Mteja akiridhika, anakanyaga udongo mbichi. Unyayo ule ukikauka, mwanafunzi amehitimu. Mteja asipokanyaga, mwanafunzi anarudi darasa lile lile.

Kazi ya Kiboko wakapewa watatu: Kanga msemaji, Nungunungu mchoraji, na Kinyonga. Kinyonga alikuwa na nini? Hakuwa na kitu. Alikuwa na mwendo wa pole tu na macho ya kwenda kila moja na njia yake. Wenzake aliosoma nao walikwisha oa, watoto wao wakaja chuoni wakamkuta. Mwalimu Korongo alimwambia mbele ya darasa zima: "Kinyonga, safari hii ukirudi bila unyayo, nafasi yako nampa mwingine."

Kinyonga alikitaka kile cheti cha unyayo mpaka roho inamuuma. Usiku hakulala, mchana hakula. Hata inzi alipita mbele yake akamwacha.

Wakaenda kuuliza. Wakamkuta Swala anakunywa kwenye kidimbwi cha matope, nyuma ya kilima.

"Dada Swala, mbona umelihama bwawa?"

"Nikitia mdomo majini, Kiboko anapiga miayo. Naona meno mpaka kooni. Nani anywe hapo?"

Wakamkuta Pundamilia.

"Kaka Pundamilia, mbona umelihama bwawa?"

"Nikitia mdomo majini, Kiboko anazungusha mkia. Paa! Paa! Paa! Kinyesi mpaka machoni. Nani anywe hapo?"

Basi jibu likapatikana. Shida ya Kiboko ilikuwa Kiboko. Ajitoe pale ufukweni wanaponywea watu, ahamie ng'ambo kwenye matete, mambo yaishe. Lakini nani amwambie? Kundi la wanafunzi la Ngiri lilimwambia ukweli mwaka uliopita, kwa shida nyingine. Kiboko akafungua mdomo, aaaah! Ngiri hajaacha kukimbia mpaka leo, mkia juu.

Wakaanza kujiandaa. Nungunungu akachuma majani ya mgomba, yale laini kabisa, mabichi, yanayong'aa, ili michoro ionekane. Akang'oa mwiba wake mmoja, akachora: kwaru, kwaru, kwaru. Jani la kwanza utangulizi, jani la pili matokeo, jani la tatu mapendekezo. Michoro ilipendeza, nawaambia. Kanga naye akafanya mazoezi ya kusema: ka-ka-ka-ka-ka, anamaliza kabla hajaanza.

"Punguza kasi, shoga yangu," akasema Nungunungu.

"Nikipunguza nitaogopa," akasema Kanga.

"Na wewe Kinyonga, utasema lini?"

"Mwisho," akasema Kinyonga.

Siku ikafika. Wakatembea ndani ya ukungu, nyayo zao hazisikiki. Nungunungu alibeba majani, Kanga alibeba udongo, Kinyonga alibebwa. Walipofika, maji yalikuwa meupe na mbingu nyeupe, hujui kipi kimeanzia wapi. Katikati ya weupe ule masikio mawili yakachezacheza. Bubu-bubu-bubwaa! Kiboko akatoka.

"Mmeleta nini?"

"Wa-wa-wasilisho, Bwana Kiboko," akasema Kanga. "Hili jani la kwanza ni utangulizi, linaonyesha..."

Nyafu! Kiboko akalichukua jani, akatafuna.

"Utangulizi mtamu. Kuna kingine?"

Kanga akaendelea: "Jani la pili, Bwana Kiboko, ni matokeo, linaonyesha..."

Nyafu!

"Matokeo yana uchungu kidogo. Lete kingine."

"La tatu ni mapendekezo..."

Nyafu! Nyafu! Nyafu!

"Mapendekezo ndiyo bora kuliko yote," akasema Kiboko. Akajilaza ufukweni, tumbo lipo juu, akafumba macho. "Nikiamka mnionyeshe kazi yenu. Maana mpaka sasa sijaona kitu." Khoooo... fyuuu. Khoooo... fyuuu. Amelala.

Hivi jamani, mtu apeleke majani ya mgomba kwa mla majani! Wasomi hao.

Nungunungu akaketi akalia. Kanga akazunguka, ka-ka-ka. Kinyonga aliuona udongo ule mbichi, mtupu, akaiona nafasi yake anapewa mwingine, akageuka rangi ya majivu. Kisha jicho lake moja likaenda kwenye sikio la Kiboko, likabaki huko.

Akapanda. Akanyata, akasimama. Akanyata, akasimama. Akalipanda tumbo, akalipanda shingo, kila Kiboko akikoroma anayumba, kila akiyumba anashika ngozi. Akafika sikioni. Akasema polepole, na pole ndiyo kitu pekee alichokijua:

"Uko kwenye matete. Maji ni ya kina, yanakubeba."

Khoooo.

"Huku ufukweni kweupe. Hakuna anayepiga miayo. Hakuna anayezungusha mkia."

Fyuuu.

"Swala anakuja, anakunywa. Pundamilia anakuja, anakunywa. Kila mmoja ana fungu la majani. Mafungu yanaelea, yanakuja yenyewe kwenye matete, yanakuja..."

Alipotaja maji akawa buluu, alipotaja majani akawa kijani, na rangi zile zikapita juu ya kope za Kiboko kama kivuli cha wingu. Kanga akasinzia. Nungunungu akasinzia. Hata mimi ninaposimulia hapa kichwa kinanielemea, na nyinyi nawaona. Bwawa zima lilikuwa ndani ya ndoto moja, na Kiboko alikuwa anatabasamu.

Kisha akaamka. Bwaaa!

"Nimeota! Nimepata wazo! Mimi nihamie kwenye matete, huku nisipige miayo, nisizungushe mkia. Wateja watarudi!"

Kanga akaruka: "Lakini hilo ni wazo le..."

Kinyonga akamtolea jicho moja, jekundu. Kanga akanyamaza, kwa mara ya kwanza tangu atoke kwenye yai.

"Wazo la nani?" akauliza Kiboko.

"Lako, Bwana Mkubwa," akasema Kinyonga. "Wazo zuri hivi! Ila naogopa litaibiwa."

"Litaibiwa? Na nani?"

"Watu hawaaminiki. Hata sisi hapa hatuaminiki. Afadhali ukanyage udongo huu, ijulikane kwamba wazo hili wewe umelikubali."

"Wazo langu, nisilikubali?" Kiboko akakanyaga. Pwaa!

"Basi, Bwana, unyayo mmoja unatosha."

"Nani kasema unatosha? Nyayo zangu zote!" Pwaa! Pwaa! Pwaa! Akakanyaga miguu yote.

Jioni ile Kiboko alihamia kwenye matete. Swala akarudi, Pundamilia akarudi, na majani yakaja. Udongo ulipokauka, Mwalimu Korongo alikuja kuutazama, akainua mguu mmoja, akaushusha, akainua mwingine. Hajawahi kuona mteja aliyeridhika kwa miguu yote. Wakahitimu watatu, Kinyonga wa kwanza.

Siku ya mahafali mgeni rasmi alikuwa nani? Kiboko! Akasimama mbele ya watu akasema: "Watoto hawa waliniletea majani tu. Akili nilitoa mwenyewe, usingizini." Watu wakapiga makofi. Nungunungu alivimba miiba kwa hasira. Kinyonga alikuwa amevaa rangi zake zote, hata zile ambazo mama yake hajawahi kuziona, naye akapiga makofi. Akapiga kofi la kwanza, watu wakala pilau, wakanawa, wakaaga. Akapiga la pili.

Sasa funzo, na mlishike. Ukiletewa ushauri, ule wote, ulale, utaamka na akili. Na ninyi wanafunzi, msinong'one. Mseme ukweli kwa sauti, mbele ya mdomo ulio wazi, kama Ngiri.

Nini tena, Mwanakombo? Kinyonga alifanya nini? Muulize Kiboko, yeye ndiye aliyekuwepo. Atakwambia hakufanya kitu.

Hadithi yangu imekwenda kunywa maji!

— Na sisi twende tukalale!