Jina Moja Kwenye Bangili ya Chuma

Sogeeni mnisikilize, ila wenye hasira za karibu wakae nyuma. Karakana moja ya matrekta kule Makambako ilikuwa na mafundi watatu: Sekela mwenye jicho lisilopitwa na kosa, Mashauri mwenye mkono usiochoka, na Nzowa mwenye kichwa kisichokubali kushindwa. Desturi ya pale, kila kifaa kinachobuniwa hugongwa jina moja tu, na mwenye jina ndiye anayepewa mashine kubwa ya kukereza. Sekela alikuwa ameisubiri mashine hiyo miaka sita, akiwekwa kutoboa matundu tu.

Ikaletwa shafti ya trekta, mhimili wa chuma wenye meno marefu pande zote, ikerezwe ncha. Ikibanwa kwenye mashine, taya za kuishikia zinayaponda meno. Zikilegezwa, shafti inachomoka. Shafti mbili za kabla yake zilikuwa zimeshaharibika.

Sekela ndiye aliyesema, "Tuivishe bangili yenye meno ndani, yaingiliane na haya." Akayeyusha nta, akaimimina juu ya meno, akapata umbo lake kamili. Bila nta ile wangekuwa wanakisia.

Mashauri akaichukua nta, akakaa na tupa siku tatu akichonga meno ndani ya bangili ya chuma, moja baada ya jingine, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Bila viganja vile, nta ingebaki nta.

Bangili ikaingia, lakini shafti ikawa inacheza ndani yake. Mashauri akaitupa chini kwa hasira. Nzowa akaiokota, akaipasua upande mmoja kwa msumeno. "Sasa ibaneni." Taya zilipokaza, mpasuko ukajifunga, bangili ikaishika shafti sawasawa, na hakuna jino lililoumia.

Mwenye karakana, Bwana Kapinga, akaja na nyundo na herufi zake za chuma. "Ya nani?"

"Yangu!" wakajibu wote watatu.

Sekela akapandwa na hasira. "Nzowa, umekata mara moja tu, leo unasema yako?"

"Kabla sijakata ilikuwa takataka!"

"Na mikono yangu hii?" Mashauri akafoka. "Wewe dada umeyeyusha mshumaa tu!"

"Mkishindwa kukubaliana," akasema Kapinga, "nagonga langu."

Sekela akampokonya nyundo. "Lako wewe, bosi? Ulikuwa wapi?"

Hapo ndipo walipo mpaka sasa: wenzake wamemkodolea macho, na nafasi ni ya jina moja. Haya, ninyi mliokaa kimya, ipokeeni hiyo nyundo. Mngegonga jina la nani?