Ukungu wa Adhuhuri

Anayefunika kidonda kwa nguo safi hajakiponya. Amekipa kivuli cha kuozea. Wahenga waliliona hilo wakatuachia neno: mficha maradhi, kifo humuumbua. Yaliyowapata wasichana wawili wa kidato cha tatu ni ushahidi tosha.

Wa kwanza alikuwa binti wa dobi, mwenye umri wa miaka kumi na sita, aliyebandikwa jina la Kinanda kwa sauti yake nyororo. Wa pili wakamwita Pacha. Hawakuzaliwa tumbo moja, ila walikuwa chanda na pete. Ukimwona mmoja, basi mwenzake yu hatua mbili nyuma.

Ijumaa mchana, mtihani wa mwisho ulipokwisha, walijibanza katika jengo lisilomalizika wakapokezana chupa ya maji. Ndani hamkuwa na maji. Ilikuwa pombe isiyo na rangi wala nembo, waliyouziwa na mtu asiyewauliza umri.

"Haina hata harufu," Pacha alisema huku akijifuta midomo. "Mama atajulia wapi?"

Walicheka mpaka mbavu zikawauma, kisha kila mmoja akashika njia ya kwao.

Jumamosi Kinanda aliamka kichwa kikimgonga na tumbo likimsokota. Chumba cha mbele kilikuwa kimejaa mashuka meupe ya nyumba ya wageni, yakining'inia kamba hadi kamba, na mama yake yuko katikati anapiga pasi.

"Mbona umepauka hivyo, mwanangu?"

"Uchovu tu, mama. Mitihani."

Saa nne Pacha aliingia, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Alimvuta Kinanda hadi chumbani, akanong'ona: "Eti nje kuna ukungu?"

Nje jua lilikuwa kali, hata kuku walikuwa wamekimbilia vivulini.

"Pacha, tuwaambie."

"Thubutu! Mama akijua nilikunywa, atanichinja. Apa kwamba hutasema."

Kinanda aliapa. Wakajilaza kitanda kimoja, wakingoja yapite.

Hayakupita. Mchana ulipofika, miale ya jua ikimiminika dirishani, Pacha alikaa kitako ghafla.

"Nani amezima taa?"

Kinanda alipunga mkono mbele ya uso wa mwenzake. Macho yalikuwa wazi, makubwa, meusi ti, wala hayakupepesa. Nzi alitua kwenye kope, akatembea taratibu mpaka pembeni mwa jicho, na Pacha hakumfukuza.

Mlango ukafunguliwa. Mama alisimama pale, lakini Kinanda aliona khanga, mikono na shingo tu. Palipopaswa kuwa na uso palikuwa na weupe mtupu, kama shuka lililotandikwa.

"Nyie watoto mna nini?" weupe ule ukauliza.

Kinanda alikumbuka kiapo.

"Tumelala tu, mama."

Mlango ukafungwa. Pumzi za Pacha zikaanza kuwa nzito na za haraka, kama za mtu aliyekimbia kutoka mbali. Kisha akatabasamu, akaugeuza uso kwenye kona ya chumba.

"Karibu," alisema kwa upole. "Mbona umesimama? Keti."

"Unaongea na nani, Pacha?"

"Huyu mgeni. Humwoni?"

Kinanda alitazama konani. Ukungu ulikuwa umetanda mpaka darini, na ndani yake aliona kama kitu kirefu kinachosogea. Kwa macho yake yale, hakuweza kuapa kwamba hapakuwa na mtu. Akapiga yowe lililomfanya mama yake aangushe pasi.

"Tulikunywa, mama! Jana! Tulikunywa pombe!"

Hospitalini daktari aliwapokea mbio, akauliza saa ambayo macho yalianza kufifia. Alipojibiwa, aliitazama saa ya ukutani. "Pombe hiyo ilikuwa na sumu," alimwambia mama yake Kinanda. "Dawa tunayo, lakini kila saa ina thamani yake."

Kinanda alipona, ingawa jicho la kushoto halikurudi. Pacha alifariki Jumapili, kabla ya adhuhuri.

Baada ya mazishi, mama yake Pacha alikuja akaketi kando ya kitanda cha Kinanda. Hakulia. Alikuwa amekaukiwa na machozi.

"Mwanangu, niambie kweli. Mlijua tangu lini?"

"Tangu Jumamosi asubuhi, mama mkubwa. Alisema ungemchinja."

Mwanamke yule aliitazama mikono yake, akaigeuza juu chini kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Ningemchapa," alisema. "Haki ya Mungu ningemchapa, huku nikimbeba kwenda hospitali."

Siri waliyoikumbatia mabinti wale wawili siku moja tu, kaburi liliitangaza mbele ya mji mzima. Naam, mficha maradhi, kifo humuumbua.