Rozmari Kwenye Chungu Kilichotoboka

Sogeeni, sogeeni! Wewe mwenye kamasi kaa kule upepo unakoelekea. Nikisema "Zamani ile!" nyie mnajibu "Tupo nayo!" Haya. Zamani ile!

Hamjala nyie? Zamani ile!

Eee, sasa mmefika.

Zamani ile, kabla jana haijapewa jina, milima ya Upare bado mibichi, ukiibonyeza kwa kidole inabonyea, palikuwa na mwanamke anaitwa Naghenjwa. Nilimwona kwa macho yangu haya. Nani amecheka? Nilikuwa sijazaliwa, ndiyo, lakini nilikuwepo.

Naghenjwa alifiwa na mume, akabaki na nyumba na uwanja. Na uwanja gani! Mawe matupu. Kuku akidonoa, mdomo unapinda. Akapanda maharage, yakakataa. Akapanda viazi, vikakataa. Shemeji yake, Mchome, akautaka uwanja ule afungie ng'ombe. Akaenda kwa Mzee Kivunge, mkubwa wa ukoo.

"Mzee, ardhi ni ya anayeiotesha. Huyu shemeji yangu ameotesha nini? Kokoto?"

Mzee Kivunge alikuwa na ndevu ndefu, akikaa barazani kwake ncha zinaoshewa kisimani. Akamwita Naghenjwa. "Binti yangu, mahindi yakikauka tutakuja kuangalia. Tukikuta kitu kibichi uwanjani kwako, kaa mpaka uzeeke. Tusipokuta, kunja mkeka urudi kwa baba yako."

"Kitaota," akasema Naghenjwa.

Siku moja akapita msafiri, njaa imemkunja. Naghenjwa akampa ugali. Yule msafiri akamwachia vijiti vitatu vyenye majani kama sindano. "Hii ni rozmari, mama. Kwao ni kwenye majabali, jua kali."

Na harufu yake sasa! Ukisugua jani moja, mbuzi wa kijiji cha tatu anapiga chafya. Ukilitia kwenye supu, marehemu anauliza kama imebaki.

Naghenjwa akavichomeka vijiti uwanjani, katikati ya mawe. Habari zikaenea. Na kijijini pale, mgeni hakosi maji. Sasa kijiti kile si kimetoka mbali? Si mgeni?

Asubuhi, "Hodi! Nimekuja kumsalimia mgeni. Maji kidogo tu anywe." Pwaa!

Mchana, "Hodi! Mgeni hajambo? Maji kidogo tu." Pwaa!

Jioni, pwaa! Na Naghenjwa mwenyewe, kabla hajalala, kwa mapenzi tu, pwaa!

Mimi darasa la tatu niliacha mwenyewe, mwalimu aliishiwa maswali, lakini hesabu hiyo naiweza. Ni mafuriko.

Kijiti cha kwanza kikawa cheusi, kikafa. "Kiu hiyo!" wakasema. Pwaa! Cha pili kikafa. "Mnakibania! Ongezeni!" Pwaa!

Naghenjwa akaking'oa kile cha pili, akanusa chini. Kilinuka kama chura aliyesahaulika mfukoni. Msiniulize nimejuaje. Akakaa, akafikiri.

"Kwao ni kwenye majabali. Nani anapanda huko na mtungi kila asubuhi? Huyu hakufa kwa kiu. Tumemzamisha sisi, kwa heshima zetu."

Cha tatu kilikuwa kimeoza chini, imebaki ncha tu, kijani, urefu wa kidole. Akasimama mbele yake na mwiko. "Hamwagi mtu hapa!"

Loo! Kijiji kikawaka. Wakamkimbilia Mzee Kivunge. "Anamnyima mgeni maji! Anatutia aibu!"

Mzee akaja. "Binti yangu, hapa kwetu hajazaliwa mgeni wa kunyimwa maji. Ukimnyima, uwanja umeupoteza leo leo."

Mwingine angelia. Naghenjwa alienda jalalani, akaokota chungu kilichotoboka chini, matundu matatu. Akatandika kokoto, akajaza mchanga mwingi na udongo kidogo. Akaikata ile ncha nzima, akapukutisha majani ya chini, akaichomeka. Chungu akakipandisha juu ya mafiga matatu, juani kabisa.

"Kitaota. Karibuni, mwageni."

Wakacheka mpaka meno yakatoka jasho. "Chungu kimetoboka! Msiba umempanda kichwani!"

Wakamwaga. Pwaa! Juu yanaingia, chini yanatoka, chururuu! Mgeni amesalimiwa, na hajalala majini. Baadaye wakachoka, wakaenda zao. Naghenjwa akabaki na kidole chake. Anakichomeka mchangani. Kuna unyevu? Hampi. Pamekauka? Anampa. Zamani ile!

Vizuri, bado mko macho.

Ncha ikashika mizizi. Ikapanda. Akikata kichwa kimoja, vinatoka viwili. Ikawa kichaka, nyuki wanapanga foleni.

Mchome akaona. Mahindi yamebaki siku saba kukauka. Akabeba mtungi, mtungi mkubwa, ndani yake vyura walikuwa na vijiji viwili.

"Hodi, shemeji! Nimekuja kumsalimia mgeni."

"Karibu, shemeji. Mwaga."

Pwaa! Chururuu!

Kesho yake tena, mtungi. "Hodi, shemeji!" "Mwaga." Pwaa! Chururuu! Kisimani ni kushuka mlima, kurudi ni kuupanda. Siku ya tatu, ya nne, ya tano. Mchome akakonda, kivuli chake kikawa kinatangulia nyumbani kwa kuchoka kumngoja.

Siku ya saba alimwaga mtungi wa mwisho. Akakiinamia kile kichaka, akafoka, "Si ufe basi! Kufa!"

"Unamwambia nani afe, Mchome?"

Mzee Kivunge huyo, mlangoni, na wazee wote nyuma yake.

"Mgeni? Mgeni wa kijiji unamwambia afe?"

Maji ya mtungi wake yanamchuruzikia miguuni.

Mzee akachuma jani moja, akasugua, akanusa. Akapiga chafya, ndevu zikaruka mpaka mtaa wa pili. "Binti yangu, kitu kibichi tumekikuta. Kaa."

"Nilikuwa siondoki, baba," akasema Naghenjwa.

Basi nyie, ukipenda kitu, kiulize kwanza kinakunywa kiasi gani. Mapenzi ya mtungi mzima yanazamisha. Na ukijua unachokijua, shika hapo hapo, hata kama kijiji kizima kimekuja na kata za maji.

Kisa nimekitema. Aliyekidaka ni chake, aliyesinzia ataota cha kwake.