Sanduku la Bi Somoe

Sanduku husifiwa tumbo, si misumari. Ndivyo nilivyomwambia Zamda asubuhi ya leo aliposema kampenda yule kijana kwa kanzu yake na mwendo wake, nanyi mkacheka, kisha mkaniuliza maneno hayo nimeyatoa wapi. Sikuyatunga mimi. Yalizaliwa hapa hapa Mikindani, nyumbani kwa Bi Somoe Nandonde, na mwanzo wake ulikuwa huu.

Bi Somoe alikuwa mpishi wa vitumbua, na vitumbua vyake nimevila mwenyewe, kwa hiyo simsifu kwa kusimuliwa. Lakini kilichompa jina mjini ni sarafu. Baba yake, Mzee Nandonde, alikuwa hamali wa forodhani tangu hajaota ndevu mpaka ndevu zikawa nyeupe. Kila alipopata tajiri mpya, katika ujira wa kwanza alitoa sarafu moja akaiweka, asiitumie hata siku ya njaa. Alipofariki alimwachia binti yake sarafu thelathini na tisa. Zilikuwamo pesa za Unguja zenye picha ya mizani, hela za Wajerumani zenye taji, rupia za fedha na senti za tundu zenye pembe za ndovu. Bi Somoe hakujua kusoma, ila ukimwonyesha yoyote kati ya hizo alikwambia baba yake alibeba nini siku ile, alimbebea nani, na alirudi nyumbani bega lipi limechubuka. Wenzake waliachiwa minazi na mashamba. Yeye aliachiwa maisha ya baba yake, na kumbukumbu nyingine hakuwa nayo.

Tabu ilikuwa mahali pa kuziweka. Mzee alizoea kuziweka katika mkoba wa ngozi. Matanga yalipokwisha, Bi Somoe aliufungua akakuta sarafu tatu zimeliwa na kutu ya kijani hata sura zimefutika. Hakuweza kujua zilitoka kwa nani. Wanasema siku hiyo alilia kuliko siku ya maziko, nami nasadiki, maana maziko yana watu wa kukusaidia kulia.

Habari ikamfikia Fundi Dadi Nampoto. Huyu alikuwa seremala, na kwa masanduku ya maharusi hakuwa na mshindani kutoka Mikindani hadi Lindi. Wazee wao walikuwa wakijuana, kwa hiyo alimheshimu Bi Somoe kama dada yake. Bila kuombwa wala kutaka malipo, alikaa miezi mitatu akamchongea sanduku dogo la mvule, akalipamba kwa misumari ya shaba mistari saba, akalitia kufuli lenye kengele. Ndani akalipaka mafuta ya nazi na kulifukiza udi siku tatu, kama alivyolifanyia kila sanduku lililotoka mikononi mwake. Akalileta Ijumaa, watu wakitoka msikitini, nao wakalifuata hadi barazani kwa Bi Somoe.

"Usione vyaelea, vimeundwa," mzee mmoja akasema, na kila mtu akataka kuigusa ile misumari.

"Haya, dada," Fundi Dadi akasema. "Zitie tuone."

Bi Somoe akaingiza mkono ndani, akapitisha kidole kwenye ubao, akakinusa.

"Ahsante, ndugu yangu. Mungu akuzidishie. Nitazitia masika yakiisha."

Watu wakatazamana. Fundi Dadi aliaga kwa adabu, lakini tangu siku ile hakupita tena kununua vitumbua. Mji nao ukapata la kusema. Walimtupia ile methali ya maskini akipata, ambayo sitaimalizia mbele yenu. Bi Somoe yalimuuma, hasa la Fundi, kwa sababu alijua kapewa kitu kwa moyo safi. Hata hivyo hakubabaika.

Alitwaa senti nne za tundu, za kawaida tu, zilizotoka dukani siku hiyo, zote safi na za umri mmoja. Moja akaitia katika sanduku la Fundi. Ya pili akaitia katika mkoba wa ngozi wa baba yake, na ya tatu katika mfuko wa nailoni. Ya nne akaivingirisha katika kitambaa cha pamba kilichofuliwa kwa maji matupu, akaitia kwenye mkebe wa biskuti pamoja na kifuko cha mchele uliokaangwa bila mafuta, ili unyonye unyevu. Vyote akavipanga chumbani juu ya kabati, mbali na moshi na mvuke wa jiko lake. Sarafu za baba zikabaki kwenye sinia, juu ya khanga, akazifuta moja moja kila siku kwa kitambaa kikavu. Majirani walimshauri azisugue kwa limau na majivu, kama wasuguavyo masinia ya Idi. Akawajibu kwamba limau hung'arisha kwa kula, na hakuwa na sarafu ya kulisha.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi, chumvi ilikuwa ikiyeyuka vibakulini. Zilipokatika, Bi Somoe alimwita Fundi Dadi, yeye peke yake. Akamkaribisha ndani, akamwekea vile vyombo vinne mbele yake.

"Fungua mwenyewe, Fundi."

Senti ya mkobani ilikuwa ya kijani. Ya kwenye nailoni ilikuwa imelowa na kuingia madoa. Ya kwenye mkebe ilikuwa vile vile ilivyoingia. Alipofika kwenye sanduku lake alisita kidogo, kisha akazungusha ufunguo, kengele ikalia. Senti ilikuwa imevaa ukoga wa kijani, inateleza, na zile pembe za ndovu hazikuonekana.

Fundi Dadi akakaa chini.

"Ni mafuta yangu," akasema.

"Mafuta yako ni mazuri kwa sanduku la khanga. Shaba ndiyo haiyawezi."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Mbele ya watu wa Ijumaa? Na ningekwambia nini, ndugu yangu, na mimi mwenyewe sina hakika? Nilichojua ni kwamba kidole changu kilinuka nazi."

Kisha akachukua sarafu moja kutoka kwenye sinia, hela ya shaba, akamwekea kiganjani.

"Hii baba alipewa na Mzee Nampoto, baba yako. Alimbebea mbao siku mbili kutoka pwani hadi karakana yenu. Fedha ilikuwa haba, akampa hela hii na samaki mzima, chewa. Ningekutii Ijumaa ile, leo nisingejua kama ni ya baba yako au ya mtu mwingine."

Fundi Dadi aliigeuza ile hela mara nyingi. Taji lilikuwa wazi, na mwaka wake pia. Alilia, na hakuona haya. Bi Somoe akamwacha alie, akaenda kumletea vitumbua.

Khanga zake zikahamia katika lile sanduku, na mpaka alipozeeka hakuna mwanamke aliyenukia kama yeye. Sarafu zikaingia mkebeni, kila moja na kitambaa chake, na mchele akawa anaubadilisha kila mwezi. Siri ile ingeweza kuishia chumbani, maana Bi Somoe hakumwambia mtu. Lakini jioni ya siku ile ile vyombo vilipofunguliwa, Fundi Dadi alipita kwenye baraza la wenzake, nao wakamuuliza kama yule bibi sasa ameona thamani ya sanduku lake.

"Sarafu ameziweka kwenye mkebe wa biskuti," akasema.

Wakacheka, wakidhani wanamcheka Bi Somoe. Fundi Dadi alisubiri wamalize.

"Msicheke. Misumari ile mimi ndiye niliyeipigilia, mmoja mmoja, na leo nawaambia: sanduku husifiwa tumbo, si misumari."