Nani Hapa Hali Karanga?

Kabla sijaanza kuhubiri nina swali moja, na naomba mnijibu kwa mikono. Nani hapa hali karanga? Simsemi asiyezipenda. Namsema ambaye akila anaumwa. Inueni tu, hakuna wa kuwacheka. Namwona mama mmoja pale upande wa kwaya. Na mzee wetu kule nyuma, karibu na mlango. Asanteni, shusheni. Sasa wewe unayekaa naye benchi moja mwaka mzima, ulikuwa unajua? Haya, liweke hilo swali mfukoni, tutalirudia.

Palikuwa na mama mmoja, mpishi. Alikuwa anapikia wafanyakazi kwenye kantini ya kiwanda. Kiwanda kikafungwa, kantini nayo ikafungwa, akabaki amekaa nyumbani na mikono yake. Akawaza, akasema, huu mji umejaa watu wenye majiko mazuri na hawana muda wa kuyawasha. Mimi muda ninao. Nitakwenda kuwapikia humo humo majumbani mwao. Akanunua aproni mbili, akatia visu vyake na mwiko wake kwenye kikapu, akaanza kutangaza. Hana mgahawa, hana meza, hana hata kibao mlangoni. Biashara yake yote ni kikapu na jina lake.

Majirani wakamcheka. Nani atakuachia jiko lake? Na kina mama mnajua, jikoni kwa mwanamke mwenzako huingii unavyotaka. Lakini akapata mteja wa kwanza, akapata wa pili. Akajifunza haraka kwamba mtu anayepika kwenye nyumba za watu anaona mengi, na siku atakayoyatoa nje, siku hiyo hakuna atakayemfungulia mlango tena.

Alikuwa na desturi yake moja. Kabla hajamenya hata kitunguu, anauliza: "Nani hapa nyumbani hali nini?" Kila nyumba, hata ile aliyokwisha kuizoea. Wengine walimwona msumbufu. Yeye anacheka, anauliza tena.

Siku moja akaitwa na mke kijana, aliyeolewa miezi ya karibuni. Alipofika, yule binti akamshika mkono, akamvuta mpaka jikoni.

"Mama, naomba unisitiri. Wakwe zangu wanakuja leo, mara ya kwanza kula kwangu. Na mimi kupika, mama, labda yai."

"Hilo dogo, mwanangu. Ndiyo kazi yangu."

"Ila wasijue. Wakipiga hodi tu, wewe ingia stoo, ufunge mlango, mpaka waondoke. Ukinisitiri leo, nitakupeleka kwa wenzangu wote kazini. Wote wanatafuta mtu kama wewe."

Mpishi hakulipenda jambo la stoo. Angelipenda nani? Lakini alifikiria wale wenzake wote kazini, akafikiria kikapu chake ambacho wiki nyingine hakitoki nyumbani. Akakubali. Akafunga aproni, kisha akauliza lile swali lake.

"Wakwe zako hawali nini?"

"Wanakula kila kitu, mama. Wale ni watu wa shamba."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Ndugu zangu, hakuwa na uhakika wowote. Asubuhi ile mumewe, akitoka kwenda zamu, alimwambia: "Mpigie mama, umwulize kuhusu chakula cha baba." Simu alikuwa nayo mkononi. Salio alikuwa nalo. Hakupiga. Unajua kwa nini? Kwa sababu kuuliza ni kukiri kwamba hujui, na yeye aliona afadhali asijue kuliko aonekane hajui. Mko hapa watu wa namna hiyo? Msinitazame mimi, tazamaneni.

Basi mama wa watu akapika. Wali, kuku wa kienyeji, na kisamvu alichokiunga kwa tui la nazi na karanga za kusaga. Mnajua karanga zikisagwa vizuri zikaiva ndani ya kisamvu, huzioni. Kilikuwa kisamvu cha kumfanya mtu asahau safari. Na yule binti wakati huo yuko chumbani anajitengeneza. Alipotoka akachovya vidole kwenye unga, akajipaka kidogo kwenye kanga, ili aonekane ametoka kwenye mapambano. Ndiyo. Ninyi mnacheka, lakini kuna watu humu leo wamekuja na unga kwenye kanga. Tutafika huko.

Hodi ikapigwa. Mpishi akajiingiza stoo, katikati ya gunia la mkaa na ndoo za maji, akarudisha mlango. Giza tupu, na uwazi mwembamba pembeni mwa mlango. Sebule iko pale pale. Anasikia kila kitu.

Akamsikia mama mkwe akifunua mahotpoti moja moja. "Eh! Mwanangu, harufu hii! Kumbe kijana wangu ameoa jiko!"

"Asante mama. Nimejitahidi."

Kule stoo mpishi akatabasamu peke yake. Sifa ni zake, hata kama zimepita mlango mwingine.

Kisha akasikia mama mkwe akisema, "Mzee, ngoja kwanza, usipakue hicho. Mwanangu, kisamvu hiki umekiunga na nini? Maana baba yenu hapatani na karanga. Kwenye msiba wa mdogo wake alionja kijiko kimoja tu, koo likavimba, pumzi ikawa haipiti. Tulimbeba mikononi. Daktari alituambia, safari nyingine hamtawahi."

Mpishi akasogea mpaka kwenye ule uwazi wa mlango. Karanga alizisaga kwa mikono yake. Akatega sikio. Akamsubiri yule binti aseme neno moja tu: ngoja. Ngoja niangalie, mama. Jikoni ni hapo hapo. Angeinuka, angefungua mlango wa stoo kidogo, angenong'ona, angejibiwa, siri yake ingebaki siri na mzee angebaki mzima. Kilichotakiwa ni unyenyekevu wa kuinuka kwenye kiti.

Akasikia sauti laini ya binti:

"Ni nazi tupu, mama. Karanga sijaweka."

Na hilo la pili hakusema uongo! Hakuweka karanga. Hakuweka hata chumvi.

"Mungu ashukuriwe," akasema mama mkwe. "Haya, nimpakulie."

Mpishi akasikia kijiko kikigonga sahani. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye mlango. Lakini nisiwadanganye, hakutoka. Alisimama pale, na moyo ukaanza kumpa hesabu. Ukitoka, umemwumbua binti wa watu mbele ya wakwe zake. Ukitoka, kesho wale wenzake wote kazini watasikia habari ya mpishi anayeruka kutoka stoo kuwaaibisha waliomwita. Kikapu chako utakitundika ukutani. Na labda mzee hatakula kingi. Labda siku hizi amepona. Labda, labda. Mnaijua sauti hiyo? Ina adabu sana hiyo sauti, haijawahi kupiga kelele kwa mtu yeyote.

Ndipo mzee akasema, "Tuombe."

Wakafumba macho. Na mzee, kama wazee wetu walivyo, hakuwa na haraka. Akaomba kwa ajili ya safari. Akaomba kwa ajili ya ndoa ya mwanawe. Kisha akasema maneno ambayo hata sisi tunayasema kila siku mezani bila kuyafikiria: "Na ibariki, Bwana, mikono iliyoandaa chakula hiki."

Mpishi akaitazama mikono yake kwenye ule mwanga mwembamba. Ndiyo iliyokuwa inaombewa. Na ndiyo iliyosaga karanga.

Walipofumbua macho, mwanamke mwenye aproni alikuwa amesimama mezani, ameishika sahani ya mzee kwa mikono miwili.

"Baba, nisamehe. Usile. Kisamvu kina karanga."

Mzee akabaki na kijiko hewani. Mama mkwe akainuka. "Huyu ni nani?"

Mpishi akamtazama yule binti. Hata mimi nikifika hapa huwa natamani kuisimamisha hadithi, maana bado palikuwa na nafasi ya kusema kweli. Aibu imekwisha kuingia ndani, imevuta kiti, imekaa. Cha kuficha hakuna tena.

Binti akasema, "Simjui, mama."

Simjui! Katoka kwenye stoo yako, amevaa aproni, mikono inanuka kitunguu cha nyumbani kwako, na mzee bado anapumua kwa sababu yake. Humjui!

Mama mkwe hakumjibu. Alichovya ncha ya kidole kwenye kisamvu, akakiweka ulimini. Akakisukuma kile chombo mbali mpaka mwisho wa meza. Kisha akautazama ule unga kwenye kanga, na binti akaanza kulia.

"Mama nisamehe. Sijui kupika. Niliona aibu."

"Kupika utajifunza, mwanangu," akasema mama mkwe. "Mimi niliunguza wali mbele ya mama mkwe wangu, akacheka, akanifundisha. Sikuja hapa kupima mkono wako. Nilikuuliza jambo moja tu, kuhusu uhai wa baba yako, ukanijibu na hujui. Huyu mgeni aliyekupikia, yeye ameuliza?"

Mpishi akasema kwa sauti ndogo, "Niliuliza, mama. Kabla sijapika."

"Mgeni ameuliza. Na wewe mwanangu mwenye namba yangu, mbona hukuniuliza?"

Mfano wangu unaishia hapo. Najua mnataka kujua kama yule mpishi alipata wateja wengine. Mimi najua, na siwaambii. Nikiwaambia, mtakwenda nyumbani mmefurahi kwa ajili yake, na kila mmoja wenu atakuwa amekwisha kujichagulia nafasi: mimi ndiye yule mpishi. Hapana. Sisi hatukutoka stoo. Sisi ndio tuliokuwa mezani na unga kwenye kanga.

Kila Jumapili tunamwandalia Mungu meza. Kwaya imejitahidi, sare mpya, vyombo vipya. Sadaka ipo, mfungo upo, mkesha upo, vyote vimefunikwa vizuri, na harufu inapanda. Ni lini ulimwuliza hali nini? Yeye hali wimbo wa mtu ambaye hajamsalimia ndugu yake tangu walipogombania kiwanja. Hali sadaka iliyotoka kwenye jasho la binti wa kazi ambaye hajalipwa. Hali maombi ya mume anayeng'aa hapa na kuwa simba nyumbani. Tunazisaga vizuri hizo karanga, zinayeyuka, hakuna anayeziona, tunapakua. Na tukiulizwa na dhamiri, "Umekiunga na nini hicho?" tunajibu upesi, kwa sauti laini: nazi tupu, Bwana.

Kuna tofauti moja tu. Mungu hatakufa kwa kisamvu chetu. Wa kufa nacho ni sisi, na wale tuliowakalisha mezani kwetu wakatuamini.

Wewe ni mtoto wa nyumbani. Namba yake unayo. Usimtume mchungaji akuulizie, usiajiri mtu wa kukuombea halafu umfiche stoo. Inuka kwenye kiti, useme, Bwana, sijui, niambie. Aibu yake ni fupi sana ukilinganisha na ile ya kuumbuliwa mezani.

Sasa nalirudia swali langu. Tukimaliza ibada, kama mjuavyo, kuna chakula cha pamoja pale nje. Yule mama wa upande wa kwaya na yule mzee wa karibu na mlango watapanga foleni pamoja nanyi, na sahani zao mkononi. Kisamvu kipo, nimekiona. Mimi najua kimeungwa na nini, kwa sababu asubuhi nilikwenda jikoni nikauliza. Ninyi je?