Pimbi Aliyeangusha Hema

Paukwa!

Pakawa!

Hema?

Limesimama!

Nani kalisimamisha?

Baba!

Nani kaliangusha?

Hatumtaji!

Haya, sogeeni. Mwenye kiazi mkononi akimalize kwanza, maana hadithi hii ina njaa ndani yake.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana mahema yalikwisha kuwapo, palikuwa na uwanja wa kambi katikati ya hifadhi. Upande mmoja palikuwa na mawe makubwa. Upande wa pili palikuwa na mgunga mrefu. Kwenye mawe aliishi Mama Kijino, naye ni pimbi, mnyama mdogo asiye na mkia, mviringo kama mkate wa boflo. Kwenye mgunga aliishi Mzee Nyani na ukoo wake.

Watu walikuja, wakapiga kambi, wakala, wakaondoka. Walichokiacha kililiwa na wanyama, lakini hakikuliwa hivi hivi.

Mama Kijino akiokota ganda la ndizi, Mzee Nyani hushuka, pu!

"Cha nani hicho?"

"Cha mkubwa."

"Weka chini."

Mama Kijino huweka chini.

Akiokota gunzi la mahindi, Mzee Nyani hushuka, pu!

"Cha nani hicho?"

"Cha mkubwa."

"Weka chini."

Mama Kijino huweka chini.

Mwaka huo mvua haikunyesha. Majani ya kuzunguka mawe yakaisha. Pimbi wakubwa walitafuna magome, lakini Kijino, mtoto wake wa mwisho, meno yake yalikuwa machanga. Akawa analala mchana kutwa, mbavu nje. Mama yake akaenda chini ya mgunga.

"Shikamoo, Mzee Nyani."

"Marahaba. Sema."

"Nipe kipande cha mkate. Si changu, ni cha mtoto."

Mzee Nyani alikuwa na nusu mkate mkononi. Akauangalia mkate, akamwangalia pimbi.

"Mama Kijino, nani anakaa juu ya mti huu tangu jua linapochomoza?"

"Wewe."

"Nani humwona Chui?"

"Wewe."

"Nikimwona nasemaje?"

"Wahuu! Wahuu!"

"Nanyi mnafanyaje?"

"Tunaingia chini ya mawe."

"Basi. Anayepiga kelele hula kwanza."

"Na ukishakula kwanza, kinabaki nini?"

Mzee Nyani akacheka, meno yote nje. "Kelele," akasema, akautia mkate mdomoni.

Watu husema alikuwa mchoyo. Kweli, alikuwa mchoyo. Pia alikuwa na miaka saba hajafumba macho yote mawili kwa pamoja. Mimi nawasimulia tu.

Lakini Mzee Nyani alikuwa na sheria moja. Kila asubuhi aliwapanga wajukuu zake kwenye tawi na kuwauliza.

"Nje?"

"Kwetu!"

"Ndani?"

"Kwao!"

"Aingiaye ndani?"

"Harudi!"

Baba yake mwenyewe aliwahi kuingia ndani ya hema kwa ajili ya sufuria ya wali. Akaja askari wa wanyamapori na bunduki. Ta! Ndiyo maana nyani wa kambi ile walichukua kila kilichokuwa nje, lakini hata hema likiachwa wazi hawakuchungulia ndani. Mama Kijino aliisikia sheria hiyo kila siku akiwa kwenye mawe yake. Akaijua kuliko wajukuu.

Siku moja ikaja familia. Baba, mama, Nakijwa wa miaka sita na mdogo wake Sifaeli wa miaka mitatu. Baba akaanza kusimamisha hema.

"Baba Nakijwa, hiyo nguzo umeigeuza," mama akasema.

"Naijua kazi yangu."

Hema likaanguka, bwaa! Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Mara ya tatu likasimama. Wakaingiza ndani mikate, ndizi na hotpoti iliyojaa chapati, kisha baba akawaita garini waende kuwatazama tembo.

Kabla ya kupanda gari, Nakijwa aliweka kipande cha chapati yake juu ya jiwe. "Cha yule panya mnene," akasema.

Gari likaondoka, vruum. Mama Kijino akakichukua kile kipande. Kilikuwa bado cha moto. Alikuwa amebakiza hatua mbili afike kwa mtoto. Pu!

"Cha nani hicho?"

Akapiga hatua moja zaidi.

"Nasema, cha nani?"

"Cha mkubwa."

"Weka chini."

Akaweka chini. Lakini safari hii hakurudi kwenye mawe. Alikwenda kwenye hema. Kwaru kwaru kwaru, akatafuna kamba ya kwanza. Kwaru kwaru kwaru, ya pili. Kwaru kwaru kwaru, ya tatu. Hata ya nne haijaisha, bwaa! Hema likalala.

"Mzee Nyani! Shuka uone maajabu!"

Mzee Nyani akashuka, akalizunguka.

"Niambie wewe mwenye sheria," Mama Kijino akasema. "Ndani ni wapi hapa?"

"Hapo."

"Hapo wapi? Ndani kuna mlango. Mlango uko wapi?"

"Siuoni."

"Ndani kuna ukuta uliosimama. Kuna kilichosimama?"

"Hakuna."

"Sasa hiki ni nini?"

Harufu ya chapati ilikuwa inapanda kutoka chini ya kitambaa. Mzee Nyani akakuna kifua. Akafikiri kadiri pua ilivyomruhusu.

"Ni nje," akasema polepole.

"Mimi mdogo sijui. Wewe ndiye mkubwa."

Mzee Nyani akatia kichwa chini ya kitambaa. Akatia mabega. Akatia mkia. Hotpoti ikapinduka, gaa! Chapati zikatoka kwa upande wa pili. Mama Kijino akaburuta ya kwanza. Akaburuta ya pili. Akaburuta ya tatu. Kijino akala, akalala, akaamka, akala tena. Mama yake akakaa akimtazama anavyotafuna, na sijui kama kuna furaha kubwa kuliko ile.

Gari likarudi.

"Mama, hema linatembea!" Sifaeli akapiga kelele. Kabla hajashikwa, akalikimbilia huku anacheka.

Ndani ya kitambaa Mzee Nyani akasikia miguu. Akaruka, kamba zimemfunga, haoni mbele, akarusha mkono. Kucha zikapita shavuni kwa mtoto. Damu. Mama akapiga yowe. Askari akaja mbio, akatazama shavu la mtoto, akatazama kitambaa kilichokuwa kinahangaika. Hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia kwanza.

"Huyu kashazoea kuingia ndani," akasema. "Atarudi tu."

"Lakini lilikuwa limeanguka," Nakijwa akasema. "Baba, hakuingia. Lilikuwa limeanguka!"

Baba alikuwa ameshamziba macho.

Ta!

Familia ikaondoka na mtoto wao, chakula wakakiacha. Ukoo wa nyani ukavuka mto siku hiyo hiyo, haukurudi. Pimbi wakala siku sita. Wakambeba Mama Kijino juu juu, wakiimba.

"Cha nani hicho?"

"Cha mdogo!"

Siku ya saba Kijino, sasa mnene, akapanda mwenyewe jiwe la juu kuota jua. Alikuwa hajawahi kupanda. Mama yake akamwona pale, akafurahi, kisha akasikia kimya. Akautazama mgunga. Palikuwa na majani tu.

Chui alikuja akitembea. Hakunyata. Kwa nini anyate? Hakuna aliyesema wahuu. Jiwe la juu likabaki tupu.

Tangu siku hiyo Mama Kijino hukaa kwenye lile jiwe, asubuhi mpaka jioni. Hafumbi macho. Akiona nyasi zinatikisika hupiga kelele, kwii! kwii! na pimbi wote huingia chini ya mawe. Kiangazi kingine kikaja. Jirani yake mmoja, mama mwenye mtoto mbavu nje, akapita chini ya jiwe na ganda la ndizi mdomoni.

"Cha nani hicho?" Mama Kijino akauliza.

Jirani akainua macho, akitabasamu, akidhani ni utani.

"Cha mdogo, dada."

"Weka chini," akasema Mama Kijino. "Anayepiga kelele hula kwanza."

Basi, wanangu, mmepata funzo? Funzo ni hili: mkienda kupiga kambi, kazeni kamba za hema, na mabaya yote duniani hayatawapata.

Hadithi yangu nimeikunja kama hema. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni.

Cha nani?

Cha mkubwa!